Kwa nini tunachelewa kufika kwenye kituo cha afya? Utafiti mmoja na fundisho lake kwa makanisa yetu



Kila mchungaji wa mashariki ya Congo anaijua safari hii. Mtoto anashikwa na homa usiku. Asubuhi mama anampa kidonge kilichobaki tangu ugonjwa uliopita. Siku ya pili kaka yake anatumwa kwenye farmasi ya njiapanda anunue dawa ya malariya, si dozi yote, ila vidonge ambavyo feza inatosha. Siku ya tatu wanaitwa wamama wa chumba cha maombi. Wengine wanapita kwa munganga wa kienyeji, kimya kimya, ili wazee wa kanisa wasijue. Siku ya tano damu ya mtoto imepungua, macho yamekuwa meupe, ndipo wanakimbia kwenye kituo cha afya. Na hapo munganga anauliza kwa hasira: “Mulikuwa wapi siku hizi zote?”

Mara nyingi, sisi wahubiri tunajibu swali hilo kwa maneno matatu: ujinga, uzembe, imani haba. Tunayasema kwenye mimbari, na wakati mwingine hata kwenye matanga, mbele ya wazazi wanaolia. Lakini je, ndivyo ilivyo? Yuko mtaalamu wa uchumi ambaye amechunguza swali hilo kwa miaka mingi, karibu na sisi, katika Kenya ya magharibi. Majibu aliyoyapata yanatulazimisha kutazama upya namna tunavyowafundisha na kuwasaidia watu wetu.

Mtafiti na njia yake

Jina lake ni Pascaline Dupas. Ni Mfaransa, na anafundisha katika chuo kikuu cha Princeton, Marekani, baada ya kufundisha Stanford. Sehemu kubwa ya kazi yake ilifanyika upande wa Busia na wilaya za jirani, karibu na mpaka wa Uganda. Watu wa huko ni wakulima na wachuuzi wadogo, malariya inawasumbua, na feza inapatikana kidogo kidogo kama kwetu.

Pengine mtu atauliza: mtaalamu wa uchumi anatafuta nini katika mambo ya ugonjwa? Uchumi si elimu ya benki tu. Ni elimu ya kuchagua wakati mahitaji ni mengi na mali ni kidogo. Mama anayeshika franka 5.000 mkononi, huku unga umekwisha, mwalimu anadai na mtoto anakohoa, anafanya hesabu ya uchumi ngumu kuliko ya waziri.

Njia ya Dupas ni rahisi kueleza. Mitume walipotaka kumpata wa kuchukua nafasi ya Yuda walipiga kura (Matendo 1:26). Watafiti hawa pia wanapiga kura. Wanachukua vituo au makundi mengi yanayofanana, na kura inaamua ni kundi gani litapewa kitu fulani na lipi halitapewa. Hakuna aliyechaguliwa kwa sababu chifu wake ni rafiki wa mtu, wala kwa sababu yeye ni tajiri zaidi. Baadaye wanalinganisha. Tofauti inayoonekana kati ya makundi inaweza kuhesabiwa kuwa imeletwa na kitu kile chenyewe. Mwaka 2019 Abhijit Banerjee, Esther Duflo na Michael Kremer walipewa tuzo ya Nobel ya uchumi kwa sababu ya utafiti wa namna hii, na Kremer pia alikuwa amefanya kazi katika Kenya ya magharibi.

Chandarua cha bure kinadharauliwa?

Utafiti unaojulikana zaidi Dupas aliufanya pamoja na Jessica Cohen, na ulichapishwa mwaka 2010. Swali lake tunalisikia kila mara hata katika mikutano ya kanisa: tukiwapa watu kitu bure, si watakidharau? Si afadhali walipe kidogo, ili wajue thamani yake?

Walichagua kliniki za akina mama wenye mimba. Kwa kura, baadhi ya kliniki zilitoa chandarua chenye dawa bila malipo. Nyingine ziliuza kwa shilingi 10 za Kenya, nyingine 20, nyingine 40. Shilingi 40 wakati ule zilikuwa karibu senti 60 za dola, na hata kwa bei hiyo sehemu 90 kwa mia za gharama zilikuwa zimekwisha kulipwa na wengine.

Walipolinganisha bure na shilingi 40, idadi ya waliochukua chandarua ilipungua kwa pointi 60 za asilimia. Maana yake ni kwamba kati ya akina mama 100, wapata 60 ambao wangekichukua bure walikiacha kwa sababu ya bei ile ndogo. Na walikuwa wajawazito, ambao malariya inawatishia wao na mtoto aliye tumboni.

Kisha watafiti wakaenda nyumbani kutazama kama chandarua kimetundikwa. Hawakuona dalili kwamba waliolipa wanakitumia kuliko waliopewa bure. Wakachunguza pia kama bei iliwaleta wale wenye shida zaidi. Hapana. Waliolipa hawakuwa na upungufu wa damu kuliko wengine. Bei haikuwachagua wenye uhitaji. Iliwafukuza watu tu.

Bado kuna hofu nyingine: tukizoesha watu vya bure, kesho hawatanunua kamwe. Dupas aliichunguza hofu hiyo pia, katika utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2014. Familia zilizopata chandarua bure au kwa bei ndogo sana zilipewa nafasi ya kununua kingine baada ya mwaka mmoja. Hazikukataa. Zilikuwa tayari kununua kuliko zile ambazo mwanzoni zilitakiwa kulipa bei kubwa. Sababu yake tunaweza kuielewa: walikuwa wamelala ndani yake, wameona faida yake.

Kwa nini basi bei ndogo inazuia watu wengi hivyo, wakati familia hizo hizo zinatumia feza nyingi mtoto akishaugua? Ni kwa sababu bei ya kinga inaonekana leo, lakini faida yake haionekani. Hakuna anayeiona malariya ambayo haikuja. Ugonjwa unapiga kelele, kinga imenyamaza. Sisi tunaosikia habari za vyandarua vinavyovulia sambaza ziwani, tusifanye haraka kusema kwamba hayo ndiyo matumizi ya wote. Ni vema kwenda nyumbani na kutazama, kama watafiti hawa walivyofanya.

Farmasi ya njiapanda

Jambo la pili ni farmasi. Tukiwauliza watu kwa upole kwa nini wanaanza huko, majibu yao yana akili. Farmasi iko karibu. Iko wazi jioni. Haidai feza ya fishi kabla ya kukuona. Inauza hata vidonge vitatu. Mwenye duka anakujua, anaweza kukukopesha. Kwenye kituo cha afya hujui bili itafika wapi.

Shida ni kwamba si kila homa ni malariya. Mwaka 2015 Cohen, Dupas na Simone Schaner walichapisha utafiti juu ya dawa nzuri za malariya, zile za mchanganyiko wenye artemisinini, zilizouzwa madukani kwa bei iliyopunguzwa sana. Kupunguza bei kulisaidia kweli: watu wengi zaidi walipata dawa inayofaa. Lakini karibu nusu ya dawa hizo zilimezwa na watu wasiokuwa na malariya, hasa watu wazima. Walipopewa nafasi ya kupimwa tone la damu papo hapo dukani, wengi walikubali. Hata hivyo, sehemu kubwa ya walioambiwa kwamba hawana malariya walinunua dawa hata hivyo.

Hapa tunaona kwamba utafiti huu hauhubiri kwamba kila kitu kiwe bure. Kinga ikiwa bure, inafika kwa wanaohitaji. Dawa ikiwa rahisi bila kipimo, nyingine inapotea kwa wasiohitaji. Na kuna hatari kubwa kuliko hasara ya feza. Mtoto mwenye ugonjwa wa mapafu anayemezeshwa dawa ya malariya siku tatu amepoteza siku tatu ambazo hakuwa nazo.

Kwa nini mtu anunue dawa baada ya kuambiwa hana ugonjwa? Labda kwa sababu kipimo kinamwambia kile asichokuwa nacho, hakimwambii anaumwa nini. Mwili bado unawaka moto. Mtu mwenye maumivu anataka kuondoka na kitu mkononi. Hata katika chumba cha maombi tunalijua jambo hilo.

Sanduku lenye kufuli

Jambo la tatu ni zuri zaidi kwetu, kwa sababu liko katika uwezo wetu. Pamoja na Jonathan Robinson, Dupas alifanya kazi na makundi 113 ya likirimba, yale ambayo kila mmoja anatoa feza na kila zamu mmoja anapokea. Swali lilikuwa hili: kwa nini watu wanaojua faida ya kuweka akiba kwa ajili ya afya hawaiweki?

Kwa kura, makundi yalipewa njia mbalimbali. Wengine walipewa sanduku la chuma lenye tundu la kutumbukizia feza, kufuli na ufunguo. Wengine walipewa sanduku kama hilo, lakini ufunguo ukabaki kwa mtu wa programu mpaka lengo litimie. Wengine waliunda chungu cha pamoja ndani ya likirimba kwa ajili ya vitu vya afya. Wengine walifungua akiba ya mtu binafsi kwa ajili ya ugonjwa wa ghafula.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Sanduku lile la kawaida, ambalo mwenyewe ana ufunguo na anaweza kulifungua wakati wowote, liliongeza akiba ya afya kwa asilimia 66. Chungu cha pamoja kilikuwa na matunda makubwa sana. Lakini sanduku ambalo ufunguo wake uko kwa mtu mwingine halikuwasaidia hivyo katika mambo ya kinga. Watu waliogopa kufungia feza ambayo kesho wangeweza kuihitaji kwa shida nyingine.

Fikirini maana yake. Watu hawa hawakuongezewa mshahara. Walipata mahali tu. Feza iliyo mfukoni ni ya kila anayeomba: shemeji amefika, jirani ana kilio, mtoto anataka kalamu. Huwezi kusema sina, kwa maana unayo. Feza iliyo ndani ya sanduku la afya imekwisha kupewa kazi. Unaweza kusema bila aibu: hii ni ya ugonjwa wa watoto. Utafiti ulionyesha kwamba kuitenga feza kwa kazi ya ugonjwa kuliwasaidia hasa wale ambao ndugu na marafiki huwaomba mara kwa mara. Na katika makanisa yetu, huyo ni nani kama si mama mchuuzi mwaminifu, ambaye kila mtu anajua hawezi kukataa?

Jambo la nne, lililo letu

Utafiti wa Dupas ulifanyika mahali penye amani. Kwetu kuna jambo lingine, nalo ni imani ya watu kwa wale wanaowaletea matibabu. Mwezi Septemba 2018, ugonjwa wa Ebola ukiwa umetangazwa tangu tarehe 1 Agosti, watafiti wakiongozwa na Patrick Vinck waliwauliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Chini ya mtu mmoja kati ya watatu alisema viongozi wa mahali wanatetea faida ya wananchi. Mmoja kati ya wanne aliamini kwamba Ebola haiko. Na wale wasiokuwa na imani hiyo ndio waliokuwa nyuma katika kukubali chanjo na kutafuta matibabu kwenye vituo.

Ugonjwa ule ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 2.287 walikuwa wamekufa. Chanjo ilikuwapo. Wauguzi walikuwapo. Lakini watu waliochinjwa usiku miaka mingi bila kupata msaada walipoona magari mengi yakifika kwa ajili ya ugonjwa mmoja, walijiuliza: leo wametupenda kwa nini? Swali hilo si ujinga. Ni kumbukumbu.

Mama wa Marko 5 na jemadari Naamani

Maandiko yanaijua safari ya mgonjwa kuliko tunavyodhani. Marko 5:25-34 inataja mwanamke aliyetokwa damu miaka 12. Marko anaeleza wazi kwamba alikwenda kwa waganga wengi, alimaliza mali yake yote, na hali yake ikazidi kuwa mbaya. Tazama namna Yesu alivyompokea. Hakumuuliza kwa nini alichelewa, wala kwa nini alipita kwa wengine kwanza. Alisimamisha msafara wote, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwita binti.

Naamani wa 2 Wafalme 5 alikuwa na mali. Hata hivyo, nani alimwonyesha njia? Msichana mtumwa wa nyumbani mwake. Na alipokasirika kwa sababu dawa aliyoagizwa ilikuwa nyepesi mno, nani alimgeuza? Watumishi wake, watu wa karibu, wakisema naye kwa upole. Nabii Elisha alikataa malipo yote, na uponyaji haukupungua thamani kwa kuwa wa bure. Gehazi ndiye aliyekimbilia bei, nasi tunajua alirudi na nini.

Tufanye nini?

Neno la kuchukua katika utafiti huu ni moja: watu wetu wanachagua kwa akili, lakini wanachagua wakiwa na feza kidogo, habari kidogo na imani kidogo kwa wanaowatibu. Kuwakemea hakuongezi hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Tubadilishe hali ambamo wanachagua. Napendekeza mambo matano ambayo parokia inaweza kuyaanza bila kungoja mradi kutoka nje.

Kwanza, chumba cha maombi kiwe na swali moja la lazima kwa kila homa ya mtoto: “Amekwisha kupimwa?” Mtoto mwenye homa anapaswa kupimwa na kuanza matibabu ndani ya saa 24. Kama hajapimwa, tuombe, kisha mmoja wetu amsindikize mama huyo siku hiyo hiyo. Maombi na kipimo havishindani.

Pili, kila seli au kundi la wamama liwe na sanduku la afya. Makundi mengi ya AVEC yana tayari mfuko wa kusaidiana. Mfuko huo utengewe sehemu ya ugonjwa, yenye jina lake na daftari lake, isichanganywe na ya matanga au arusi. Na utoaji wake uwe mwepesi, maana homa haingoji mkutano wa mwisho wa mwezi.

Tatu, vituo vya afya vya kanisa vibandike bei mlangoni. Watu wengi hawaogopi bei peke yake, wanaogopa bei wasiyoijua. Na desturi ya kumzuilia mama aliyejifungua mpaka bili imalizike, inayoonekana katika vituo vingi vya nchi yetu, isikutwe katika nyumba yenye msalaba ukutani. Mapatano ya kulipa kidogo kidogo yaandikwe, na mashemasi wayafuate. Jirani akiona mama mmoja amezuiliwa, mwezi ujao atazalia nyumbani.

Nne, wenye farmasi wengi wanaketi katika viti vyetu siku ya Mungu. Tuwaite, tukae nao pamoja na wauguzi wa zoni ya afya, tuzungumze juu ya kupima kabla ya kuuza, juu ya dozi kamili, na juu ya dalili ambazo zikionekana wamtume mgonjwa kituoni mara moja. Wao ndio wa kwanza kukutana na wagonjwa. Tukiwadharau, tumepoteza mlango.

Tano, habari za afya zitangazwe na watu wa karibu. Mama wa RECO anayeimba katika kwaya atasikilizwa kuliko gari lenye kipaza sauti. Ndivyo Naamani alivyosikiliza.

Katika mkutano ujao wa wazee, tuwekeni ajenda moja ndogo. Tutaje familia tatu za parokia zilizochelewesha mgonjwa mwaka huu, bila kuwalaumu, na tuulize juu ya kila moja: Walikosa feza, au mahali pa kuiweka? Walijua bei? Walikuwa na nani wa kumwamini? Majibu yatatuonyesha pa kuanzia, maana katika kila parokia pengo ni tofauti.

Bwana aliyemwita mwanamke yule binti atusaidie kuwaita hivyo nao wanaochelewa. Amina.